Nasaha kwa Kijana Atakaye Kuwa Askari Polisi Kariakoo

Kila mara Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, vijana wetu wa Kariakoo, Gerezani na Ilala huanza kupimana urefu kwa futi za mafundi cherehani, kwa kuwa wamesikia ya kwamba mwanamume hutakiwa awe na futi 5 na inchi 8, na mwanamke futi 5 na inchi 4. Kisha huulizana habari za umri, ambao kwa aliyemaliza kidato cha nne au cha sita umewekwa baina ya miaka 18 na 25, na habari za cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, na kama aliyejichora mwilini aweza kupokewa (hawezi), na kama mwenye mke au mtoto aweza kuomba (naye hawezi). Hayo ni masharti ya mlangoni, na mtu mwenye futi mkononi na majalada ya vyeti mbele yake huyathibitisha kwa dakika chache. Mimi nataka kusema nawe, kijana, juu ya sifa zisizopimika kwa futi, nazo ndizo zitakazoamua kama wenyeji wa mji watakuita afande kwa taadhima, au watakuita hivyo kwa hofu tu na ukishageuka wakuite jina jingine. Rai yangu ni kwamba askari wa mji hupimwa mezani, penye kalamu na kitabu, kabla ya kupimwa barabarani penye rungu na pingu. Na aliyeshindwa pale mezani, hata awe hodari wa mbio na mieleka, amekwisha shindwa.

Yafaa ujue kwanza umerithi nini. Mji wa London ulipoundiwa polisi mwaka 1829 kwa jitihada za Robert Peel, askari wale walivishwa koti la buluu kusudi wasifanane na wanajeshi, wakapewa rungu badala ya bunduki, ili raia amwone askari kuwa ni raia mwenziwe aliyekabidhiwa zamu. Waingereza hao hao walipounda polisi wa Tanganyika mwaka 1919, makao yake yakiwa Lushoto, hawakutuletea mfano ule wa kwao. Walituletea jeshi, lenye kambi na gwaride na bunduki, kwani madhumuni yake ya awali hayakuwa kumlinda mkazi wa Mtaa wa Swahili asiibiwe, bali kumfanya atii. Hakuna Mwafrika aliyeshika cheo cha Inspekta Jenerali hadi mwaka 1964, alipokabidhiwa Elangwa Shaidi. Tangu hapo mengi yamegeuka, lakini tabia ya chombo haigeuki siku moja na bendera, na ndiyo maana hata mwaka 2023 Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza mageuzi makubwa katika jeshi hili. Wewe utapelekwa Moshi, katika Shule ya Polisi, ukafundishwe gwaride, shabaha na sheria. Gwaride litakutoka mwilini kwa kadiri ya miaka. Shabaha naomba Mungu usiihitaji. Lakini sheria utaitumia kila siku ya kazi yako, basi siku mwalimu wake anapofundisha alasiri ya jua kali na wenzako wanasinzia, wewe kaa mbele.

Tuseme sasa umemaliza, umevishwa sare, na bahati imekuleta katika Mkoa wa Kipolisi wa Ilala, katika Kituo cha Msimbazi. Kazi yako ya kwanza ni kuijua mitaa, na kuijua mitaa si kuyajua majina yaliyoandikwa vibaoni. Kariakoo hugeuka kwa saa. Alfajiri ni ya makuli na mikokoteni na malori yanayoshusha mizigo. Asubuhi ni ya wenye maduka na wageni wa mikoani walioshuka na fedha zao wamezifunga viunoni. Alasiri Mtaa wa Kongo hujaa hata mtu huchukuliwa na umati pasipo kunyanyua mguu, na hapo ndipo kibaka apatapo riziki yake. Na tangu mwaka 2025, biashara ya saa 24 ilipozinduliwa rasmi, usiku nao umepata watu wake, ambao aghalabu siyo wa mchana. Katika juma la mwisho la Ramadhani na katika siku za kuelekea Krismasi, mahesabu hayo yote huvurugika. Askari anayetembea mitaa hiyo kwa miguu, akamsalimu muuza kahawa na mama lishe na mlinzi wa duka kwa majina yao, atapata kwa mwezi mmoja habari ambazo mwenziwe aliyekaa ndani ya difenda hatazipata mwaka mzima. Sera ya polisi jamii, iliyohimizwa sana zama za Inspekta Jenerali Said Mwema, haikuwa na siri nyingine zaidi ya hii.

Uijue pia mipira. Klabu ya Simba ina makao yake Mtaa wa Msimbazi, na Yanga wapo karibu, makutano ya Twiga na Jangwani. Siku watani hawa wanapokutana, sehemu hii ya mji hupata homa. Nawe, kama kijana yeyote aliyekulia hapa, una timu yako. Sikuombi uiache, kwani lisilowezekana haliombwi. Nakuomba timu hiyo isijulikane siku hiyo.

Na kuna siku mji unapofikwa na msiba. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto. Na asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka huko huko Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Katika misiba ya namna hiyo kijana mwenye moyo hutamani kurukia kifusi au moshi, na moyo huo ni wa kusifiwa, lakini wajibu wa askari polisi kwa kawaida uko mbali kidogo na pale: kuifungua njia ili gari la zimamoto na la wagonjwa lipite, kuuzuia umati usikanyagane, kuilinda mali iliyotolewa nje isichukuliwe na waliokuja kwa jina la kusaidia, na kuandika jina la kila majeruhi na hospitali aliyopelekwa, ili jamaa atakayefika kituoni jioni akimtafuta ndugu yake apate jibu. Kazi hii haipigwi picha.

Sasa tuje mezani. Ukiingia kituo chochote cha polisi utaikuta kaunta ya mapokezi, ambayo mbao zake zimelainika kwa viwiko vya watu wenye shida, na nyuma yake askari wa zamu na kitabu kikubwa cha taarifa. Tumchukue mama mmoja aliyetoka Songea kununua vitenge vya kwenda kuuza, ambaye amechaniwa mkoba kwa wembe karibu na kituo cha mabasi cha Gerezani, na ndani yake kulikuwa na mtaji, simu na kitambulisho. Anafika mbele yako akitweta, maneno yake hayana mwanzo wala mwisho, amekuwa akilia. Hapa kuna maneno mawili ambayo askari aweza kuanza nayo. Aweza kusema, "Na wewe fedha zote hizo ulizibeba kwenye mkoba za nini?" Au aweza kusema, "Pole mama, kaa hapo kwanza unywe maji, kisha unieleze taratibu." Sikudanganyi nikakuambia kwamba neno la pili litarudisha mtaji, pengine hautaonekana kabisa. Lakini mama yule, akisharudi Songea, atasimulia mambo mawili: aliyoyafanya mwizi na aliyoyafanya polisi, na ukianza kwa neno la kwanza, masimulizi hayo mawili yatafanana.

Ukishamtuliza, andika. Andika saa, mahali, alivyoviona, rangi ya mkoba, na namba za simu iliyoibwa. Mpe namba ya taarifa yake, ile tuitayo RB, bila kumzungusha, maana bila hiyo kampuni ya simu itamrudisha, na kitambulisho kipya hatakipata kwa urahisi. Aliyeumizwa mwandikie fomu namba 3, PF3, mara moja, wala usiifanye karatasi hiyo kuwa neema yako, kwa kuwa damu haingoji mwenye zamu amalize kunywa chai. Akija mwanamke aliyepigwa na mumewe, au mtoto aliyetendewa maovu, usimhoji mbele ya watu waliopanga foleni nyuma yake. Mpeleke kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo limewekwa kwa ajili hiyo hasa. Na kila maelezo uyaandikayo yasome kwa sauti mbele ya mwenyewe, kwa Kiswahili chake alichokisema na siyo kwa Kiswahili chako cha kituoni, kabla hajatia saini au dole gumba. Nimewahi kusikia mashauri yaliyoanguka mahakamani kwa sababu shahidi alisomewa maneno ambayo hakuna mtu wa kwao awezaye kuyasema.

Mintarafu ya kukamata, fahamu ya kwamba sheria imekupa uwezo mkubwa na wakati huo huo imekuwekea mipaka mingi, na kijana asiyeijua mipaka hudhani uwezo huo ni wake. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, umkamataye ana haki ya kuambiwa sababu. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4 tangu aliposhikwa, nao waweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8 kwa kufuata utaratibu, siyo kwa matakwa ya mhoji. Ana haki ya kumjulisha wakili, ndugu au rafiki. Aliyekamatwa bila hati, na ambaye hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo yampasa aliangalie shauri lake, na kama kosa si zito amwachie kwa dhamana. Na dhamana hiyo haina malipo, kama mabango yaliyobandikwa vituoni yanavyosema kwa herufi kubwa, ijapokuwa wapo wasomao mabango hayo wakacheka. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Ukichukua kitu katika upekuzi, toa stakabadhi, itiwe saini na mwenye mali na mashahidi. Karatasi hiyo ndogo ya stakabadhi, mwanangu, ndiyo itakayokutenga na kibaka wa Mtaa wa Kongo machoni pa mwenye duka, kwani mkono mmoja umechukua kwa karatasi na mwingine umechukua bila karatasi, wala yeye hana dalili nyingine ya kuwatambua.

Hapo sharti niseme jambo juu ya wamachinga. Watu wengi hawamtofautishi polisi na mgambo wa halmashauri, waonapo meza inapinduliwa na nyanya zinakanyagwa, husema "polisi wametuvamia." Wajibu wako, uitwapo kusindikiza zoezi la namna hiyo, ni kuilinda amani ya pande zote mbili, pamoja na ile ya mwenye nyanya. Jambo kama hilo lilionekana Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa kuchoshwa na kamatakamata za kodi, hata Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza: ugomvi wao haukuwa na polisi, lakini palipo na kukamatwa, sare yako haiko mbali, na mtu aliyekasirika hatafuti kujua nani ameajiriwa na idara gani. Siku kama hizo sema machache, simama wima, na usikubali kuchokozwa na kijana anayekurekodi kwa simu. Akurekodi, na akute kwamba hakuna cha kurekodi.

Sasa nifikie mtihani ulio mgumu kupita yote katika mji huu. Sauti inapigwa: "Mwizi! Mwizi!" Mtu anakimbia kutoka upande wa Narung'ombe, watu wanamwangusha, na kabla hujavuka barabara ameshapata mawe, na yupo mtu anayeuliza tairi liko wapi. Magazeti yetu yana ada ya kuandika kwamba mtu wa namna hiyo ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni cheo kinachomwondolea mtu hatia. Mbele ya sheria lile ni kosa la kuua, na Katiba yetu, katika ibara ya 13, inasema kwamba mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika. Basi wewe, peke yako au na mwenzio mmoja, wapaswa kuingia kati ya umati na mtu ambaye pengine kweli ameiba, ambaye watu wote waliopo wanamchukia, na umtoe hai.

Hilo halifanyiki kwa nguvu, kwani watu ni wengi. Waliobobea katika kazi hii hufanya mambo matatu kwa haraka: humfunga pingu mtuhumiwa papo hapo, ili watu waone kwamba amekwisha tiwa mkononi na hatatoroka; humuuliza kwa sauti kuu aliyeibiwa ajitokeze aende naye kituoni kuandikisha, na ajabu ni kwamba mara nyingi umati hugundua hapo kwamba mwenyewe hayupo, au hajulikani; na humshika mkono mtu mzima mmoja aliye karibu, wa kanzu au wa baraghashia au yeyote anayeheshimika mtaani, wakamwomba, "Mzee, nisaidie kufungua njia." Mzee akishanyanyua mkono, nusu ya mawe huanguka chini. Lakini atamjua vipi mzee huyo askari ambaye hajawahi kumsalimu? Hapo ndipo zile salamu za muuza kahawa na mlinzi wa duka zinapolipwa.

Na huko kituoni usiyamalize yaliyoanzwa na umati. Katiba hiyo hiyo imepiga marufuku kumtesa mtu au kumdhalilisha, na maelezo yaliyopatikana kwa kipigo, hata yakiwa ya kweli, huenda yakatupwa na mahakama na mwizi wa haki akarudi mtaani akikucheka. Mpelelezi apigaye hukiri kwamba hakujua la kuuliza.

Juu ya fedha nitasema waziwazi. Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati palikuwa na ofisa wa soko aliyeitwa muhtasib, aliyekagua mizani na vipimo na kuwazuia wafanyabiashara wasihadae, na waandishi wa zamani walioeleza sifa zake walisisitiza kwamba asipokee hidaya ya wenye maduka anaowasimamia. Waliona mapema kwamba sokoni askari haharibiwi kwa gunia la fedha. Huharibiwa kwa kikombe. Kariakoo hutaambiwa "Pokea rushwa." Utaambiwa "Afande, soda hii," "Afande, hela ya maji," "Afande, chukua shati hili, utalipa ukipata." Mwenye duka huyo pengine ni mtu mwema, naye hana haja nawe leo. Haja itakuja mwezi wa tatu, siku lori lake litakapoegeshwa mahali pasiporuhusiwa au mpwa wake atakapokamatwa na bidhaa za wizi, nawe utakuwa na shati lake mgongoni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia, na namba 113 ya TAKUKURU haina gharama kwa aipigaye. Mimi nakupa kanuni za nyumbani tu: lipa chai yako mwenyewe, hata mama lishe akikataa, usikope katika eneo la lindo lako, nguo za wanao zinunue Ilala au Buguruni, ambako huna zamu. Najua mshahara wa konstebo hauendi mbali katika mji wenye kodi za nyumba kama hizi, na sidai kwamba kanuni hizi ni nyepesi. Asemaye ni nyepesi hajapata kulea watoto kwa mshahara wa askari.

Siasa nazo ziache nje ya sare. Ibara ya 147 ya Katiba humkataza askari polisi kujiunga na chama chochote cha siasa, akabakiwa na haki ya kupiga kura tu. Katika siku za uchaguzi utalinda mikutano ya watu usiowapenda na utasikia maneno yasiyokupendeza. Utakavyomtendea mwenye maneno hayo ndivyo watu watakavyojua kama uliapa kwa Katiba au kwa mtu. Na ikiwa mkubwa wako amekupa amri ambayo waona imetoka nje ya sheria, mwombe kwa adabu aiandike au aitamke mbele ya mwingine, nawe andika saa. Amri nyingi za namna hiyo hazivumilii kuandikwa.

Limebaki jambo la kubadilishana zamu, ambalo vijana hulidharau kwa sababu ya uchovu. Anapoingia mwenzako, msikabidhiane funguo kwa mdomo mkaagana. Ingieni wote wawili mahabusu, mhesabu watu mmoja mmoja kwa jina, mwangalie nani anaumwa na nani hajala, mlinganishe hesabu na kitabu, mlinganishe silaha na pingu na vielelezo, kisha mtie saini na saa. Na ukikuta mmoja ambaye saa zake zimekwisha na hakuna aliyemwandikia neno, hajahojiwa wala hajapewa dhamana, pengine kijana wa mkokoteni tu aliyeletwa usiku na hana ndugu mjini wa kumuulizia, usimwachie huyo anayeingia zamu akakae naye mpaka jioni. Mpigie simu mkuu wa kituo, fungua kitabu, na umshughulikie kabla hujavua mkanda.